Cahier des charges ya akina mama wa samaki

Baba yangu hakulipenda neno licencié. Mwaka niliomaliza licence yangu ya informatique, yaani digrii ya kompyuta, jirani mmoja alikuja nyumbani kwetu Panda, mtaa mmoja wa Likasi, kumpa pongezi. "Papa, mutoto yako mwanamuke sasa iko licenciée," akasema, na baba akakunja uso. Kwake yeye licencié alikuwa mtu aliyeitwa ofisini asubuhi, akapewa barua, akaambiwa arudishe kofia ya kazi aende zake. Alikuwa karani katika karakana za kampuni ya shaba kwa miaka mingi, na mambo yalipoharibika aliipata barua hiyo, yeye na nusu ya mtaa. Kwamba Kifaransa, lugha yenye maneno mengi vile, kinamwita kwa jina moja mtu aliyehitimu na mtu aliyefukuzwa, aliona ni dharau tupu. Alimkaribisha jirani chai, wakaongea mengine, na jirani alipoondoka akaniuliza kwa sauti ya chini kama hakuna diploma nyingine yenye jina la heshima zaidi.

"Iko, papa. Banaiita master."

"Njo ile," akasema. "Tafuta ile."

Nilicheka sana siku hiyo. Sikujua kwamba miaka michache baadaye ningeangushwa na maneno mengine ya Kifaransa yenye sura mbili, na kwamba wa kukunja uso ningekuwa mimi.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi katika secrétariat public, yaani kile kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi, katikati ya mji, mkabala na meza za samaki. Nilichapa kila kitu: maombi ya kazi, mialiko ya harusi, mémoire, zile tasnifu za wanafunzi ambao wenyewe hawakuzisoma. Umeme ukikatika, na ulikuwa ukikatika bila kuaga, nilikaa mlangoni kungoja urudi. Hapo ndipo nilipowajua akina mama wa samaki. Walikuwa wakienda alfajiri hadi ziwa Tshangalele kuchukua samaki kwa wavuvi, na siku nyingine walirudi na beseni tupu, ama kwa sababu wavuvi hawakupata kitu, ama kwa sababu mnunuzi mwenye gari kubwa kutoka Lubumbashi aliwatangulia. Siku hizo hawakuwa na haraka ya kufika mezani. Walikaa kwenye kizingiti changu, wakafudikiza beseni chini, wakanyoosha miguu na kuanza kuwasema wavuvi.

Nisiwe mwongo: wazo langu halikutokana na huruma. Lilitokana na hasira. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na akina mama wanane kwenye kizingiti kimoja maana yake mteja haingii. Siku moja niliwauliza, kwa ukali kidogo, kwa nini hawapigi simu kule ziwani kabla ya kupanda gari. Wakanitazama kwa masikitiko. Walikuwa wanapiga, wakasema. Kila mvuvi alijibu kwamba samaki ni wengi, njooni. Akiwa hana hata mmoja alisema ni wengi vilevile, maana hakuna mvuvi anayekubali kujulikana kama mtu asiye na samaki. Nikarudi ndani na hasira yangu, na kabla umeme haujakatika tena nilikuwa nimeanza kuchora programu: mtu wa kuaminika kando ya ziwa, simu moja, samaki waliotoka majini kweli, na habari inamfikia kila mama mjini kabla hajajifunga kitenge.

Kuchora ni jambo moja. Programu yangu ilifanya kazi vizuri sana mradi anayeitumia ni mimi. Tulipokuwa wawili ilisitasita, na mtu wa tatu akiingia ililala. Nilihitaji kusoma zaidi, na nilijua wapi. Huko Lubumbashi kulikuwa na master ya génie logiciel, masomo ya kutengeneza programu, iliyowataka hasa watu wenye nia ya kufungua kampuni zao wenyewe. Nilikuwa nimeomba mwaka uliotangulia nikakataliwa kwa mstari mmoja: mradi hauna watumiaji. Aliyekataliwa mara mbili hakuruhusiwa kuomba tena. Kwa hiyo nafasi hii ilikuwa ya mwisho, na yote yalitegemea karatasi moja iliyotajwa chini kabisa ya tangazo: cahier des charges, iliyotayarishwa na watumiaji na kutiwa sahihi zao.

Kwetu sisi watu wa kompyuta, cahier des charges ni orodha ya mambo ambayo programu inapaswa kuyafanya. Mtumiaji anasema anachotaka, wewe unaandika, basi. Lakini kwa watu wengine wote wa mkoa wetu wa Haut-Katanga ni kitu kingine kabisa. Ni mkataba ambao kampuni ya migodi inaandikiana na wenyeji wa mahali inapochimba, ikiahidi shule, zahanati, barabara, maji. Maana zote mbili nilizijua. Hiyo ya pili niliisikia redioni karibu kila wiki. Ila kichwani mwangu kila moja ilikaa chumba chake, na sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuingia chumba kisicho changu.

Chama cha akina mama wa samaki kilikutana kila Jumatano saa nane, meza zikishaoshwa. Walianza kwa sala, na sala yao haikuwa fupi, kisha wimbo, kisha habari za wagonjwa. Rais wao, ambaye sote tulimwita maman présidente, alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya plastiki na miwani iliyofungwa kwa uzi. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Alipotaka kunyamazisha watu alishusha sauti zaidi, na watu wakanyamaza ili wasipitwe. Akanionyesha kwa kidevu.

"Mutoto wetu wa fotokopi iko na neno. Sema."

Nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa kutosema maneno magumu, nikajivunia hilo kabla hata sijafungua mdomo.

"Ba maman, minye nataka kwenda kusoma master kule Lubumbashi. Nikimaliza nitafungula entreprise yangu, ya kuwasaidia na mambo ya samaki: mutu mumoja kule ziwani anahesabu samaki, habari inafika ku telephone yenu. Mais mbele ya kunipokea, banaomba cahier des charges. Bintu yote yenye munapenda entreprise yangu ibafanyiye, munasema, tunaandika, munasigner."

Mama mmoja aliyekuwa akijipepea kwa kifuniko cha ndoo aliacha kujipepea. Maman présidente akavua miwani.

"Cahier des charges?"

"Ndiyo, maman."

"Ya kusigner?"

"Ya kusigner."

"Mbele ya kuanza kazi?"

"Mbele ya kuanza, maman. Njo vile banaomba."

Wakatazamana. Niliona kitu kimepita kati yao, kutoka benchi hadi benchi, nikadhani ni furaha ya kuulizwa. Nikatoa daftari langu na kalamu. Maman présidente akanizuia kwa kiganja.

"Apana. Weye hauwezi kuandika. Weye njo kampani. Sisi tutaandika sisi benyewe, na Mungu akisaidia tutakupatia mardi."

Nikacheka, maana nilidhani ananitania. Weye njo kampani. Nilirudi nyumbani nikiirudia kauli hiyo njia nzima, kichwa kimevimba, nikamsimulia baba. Alikuwa ameketi uani akisoma gazeti la zamani. Baba alisoma magazeti ya zamani kwa utulivu kwa sababu, alisema, habari zake zimeshakwisha kuuma.

Jumanne wakanikabidhi bahasha ya kaki. Hawakuniachia juu ya meza hivi hivi. Waliimba, wakaniweka katikati, maman présidente akaishika kwa mikono miwili nami nikaipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa imefungwa kwa gundi, na juu ya mfuniko wake walikuwa wamepiga muhuri wa chama, mara tatu, ili asiwepo wa kuifungua njiani bila kujulikana. Nilihisi uzito wake mkononi nikafurahi. Watumiaji wangu walikuwa na mengi ya kusema.

Baba aliigeuza huku na huku.

"Ulisoma?"

"Papa, iko na cachet yulu."

"Niliona. Minye nauliza kama ulisoma."

"Nikifungula, cachet itapasuka. Kule batasema nilibadilisha bintu."

Akafikiri. Mtu aliyekaa na makaratasi ya kampuni miaka yote hiyo anajua kwamba karatasi inasomwa kabla ya kupelekwa, lakini pia anajua kwamba muhuri hauvunjwi. Nilimwona akivutwa na pande zote mbili. Muhuri ukashinda. Aliniwekea bahasha ndani ya jalada gumu, akaifunga kwa mpira, na Alhamisi asubuhi nikaenda Lubumbashi.

Waliokuwa wakinihoji walikuwa wawili. Mmoja ni profesa aliyesimamia masomo hayo, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Wa pili ni mwalimu mwanamke aliyefundisha sheria za biashara, na huyo hakuwa na upole wa bure. Kila kitu kilikwenda kwa Kifaransa na kilikwenda vizuri. Nilieleza ziwa, nikaeleza beseni, nikaeleza wavuvi wanaosema samaki ni wengi. Profesa akatabasamu. Kisha akaichukua bahasha, akaustaajabia muhuri, akaipasua, akaanza kusoma kwa sauti, akitafsiri kwa Kifaransa.

Kifungu cha kwanza kilidai kisima chenye pampu karibu na meza za samaki, kwa kuwa maji ya kuoshea samaki yanabebwa kichwani kutoka mbali. Profesa akakisoma mara mbili. Cha pili kilidai vyoo vinne, vyenye milango inayofungwa kwa ndani. Alipofika cha tatu, paa la bati juu ya meza, "bati mupya, haina ile yenye kutoboka," Kifaransa kilimwisha, akaendelea kwa Kiswahili cha nyumbani kwao. Cha nne kilikuwa chumba cha baridi. Cha tano kilitaka watoto wa akina mama wapewe kazi kwanza, mbele ya ndugu za directeur, mkuu wa kampuni. Cha sita kilisema kwamba mtu wa kampuni atakayekaa kando ya ziwa kuhesabu samaki awe mwanamke tena mzazi, na kwamba habari zitumwe kwa sauti, si kwa maandishi, kwa sababu wengi wao hawasomi na hawataki kusomewa na watoto. Cha saba kilimtaka directeur aje mwenyewe kila miezi mitatu, asimame mbele ya akina mama aseme alichofanya na asichofanya. Asitume mtu.

Chini yake kulikuwa na sahihi, na kwa wasioandika, alama za vidole gumba za wino wa zambarau, ukurasa mzima na nyuma yake. Upande wa kushoto waliandika "Kwa chama." Upande wa kulia, "Kwa kampuni," na mstari mtupu.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Profesa alikuwa amejifunika mdomo kwa karatasi, na karatasi ilikuwa inatikisika. Mwalimu wa sheria hakucheka.

"Umewaahidi watu hawa kisima?" akaniuliza.

"Hapana, madame."

"Wao wanajua kwamba hukuwaahidi?"

Hapo ndipo niliacha kuona aibu nikaanza kuogopa. Niliwaona wakibonyeza vidole kwenye wino mmoja mmoja, na mimi niko mkabala nao natoa fotokopi, nafurahi. Mwalimu akasema, bila ukali wowote, kwamba hawezi kumpokea mtu aliyekusanya sahihi za watu waliodhani wanapewa kingine. Na kama ni kosa la kutoelewana, basi kwa kweli sina watumiaji, na jibu la mwaka jana linabaki lilelile. Profesa akashusha karatasi. Alinipa mpaka Jumatatu adhuhuri. Ama niirudishe karatasi ikiwa na sahihi za pande zote mbili, watu wote wakijua wanachosaini, ama nije nitamke mwenyewe kwamba sina.

Baba nilimweleza yote siku hiyohiyo. Nilitegemea aseme kwamba alinionya, maana ni kweli alinionya. Hakusema. Aliomba karatasi, akavaa miwani, akaisoma kutoka juu hadi chini, akaanza tena juu.

"Iko muzuri," akasema mwishowe.

"Papa, banaomba kisima."

"Naona. Mais iko imeandikwa muzuri. Kampani yetu haikuandikiaka bantu karatasi muzuri vile." Akaikunja. "Samedi tutaenda wote mbili."

Jumamosi tulikwenda. Nilikuwa nimekariri hotuba njiani, na ilikuwa hotuba ya mtu anayekwenda kuvunja uchumba. Maman présidente alikuwa akipara samaki. Aliposikia nataka kuzungumza na wote, hakuuliza kwa nini. Aliosha mikono, akawaita waliokuwa karibu, wakaja na visu vyao. Baba alipewa kigoda. Mimi nikabaki nimesimama, nikapiga moyo konde.

"Ba maman, munisamehe. Kulikuwa makosa, na makosa ni yangu. Minye sina kampani. Cahier des charges yenye nilisema, haikuwa ile ya mines. Ilikuwa ya programme ya telephone tu. Kisima siwezi. Vyoo siwezi. Sikutaka kubaambia bongo." Bongo kwetu ni uongo.

Kisha nikasikia mtu nyuma anacheka kwa pua, na mwingine, na maman présidente akainua mkono wenye magamba ya samaki.

"Mutoto, unazani hatuna macho? Unakaa mbele ya meza yetu kila siku. Tunajua hauna kampani. Hauna ata kinga."

Kinga ndiyo baiskeli huku kwetu, na kweli sikuwa nayo.

"Sasa, maman, kisima mulikiandika juu ya nini?"

Akashusha sauti, na wote wakasogea.

"Ulisema entreprise. Entreprise yote yenye ilikuyaka huku, ilianza kuchimba kwanza. Cahier des charges ikafwata nyuma, wakati mulima ilishakwisha. Weye njo wa kwanza kutuuliza mbele. Tungekuandikia nini, samaki tu? Hatukuandikia kampani yenye uko nayo. Tuliandikia yenye utakuwa nayo."

Nililia. Sina sababu ya kuficha. Nilisimama katikati ya harufu ya samaki, mtu mwenye licence, nikalia kwa furaha na kwa aibu pamoja, maana nilikuwa nimekuja kuwasamehe ujinga wao. Mama mmoja akanipangusa uso kwa pembe ya kitenge chake, na pembe hiyo ilikuwa na magamba.

"Mais vyoo," akasema huku akinipangusa, "vyoo hatuondoe."

Basi tukakaa kujadiliana, na nasema kweli sijawahi kuona darasa lililonifundisha zaidi. Baba alijipa kazi ya karani. Alitoa kalamu yake, akasoma kifungu kimoja kimoja, na kila kilichobadilika alikiandika upya kwa mwandiko wake wa ofisini. Kisima kikabaki, lakini kingechimbwa siku kampuni itakapokuwa na wafanyakazi kumi. Vyoo vikatoka vinne vikawa viwili, baada ya mabishano marefu kuhusu nani atashika ufunguo. Paa likaahirishwa. Chumba cha baridi wakakifuta wao wenyewe, kwa kuwa bila umeme wa uhakika kingekuwa kabati. Kifungu cha sita, kile cha sauti na mwanamke wa ziwani, sikukigusa hata herufi, kwa sababu ndicho kilichoniambia kwa nini programu yangu haikumvutia mtu: nilikuwa nimewatengenezea watu wa kusikiliza kitu cha kusoma. Nilitamani ningekijua mwaka mmoja kabla.

Tukafika cha saba. Nikaomba kianze siku kampuni itakapofunguliwa rasmi.

"Apana," akasema maman présidente. "Ile inaanza sasa."

"Sasa, maman? Nitakuwa mwanafunzi. Nitakuya kusema nini?"

"Utasema yenye ulifanya na yenye haukufanya. Kwetu kule ku kijiji, kampani ya mines ilisigner bintu mingi. Tulingoya directeur, tulingoya. Hakuya ata siku moja. Bingine tutabadilisha. Ile, apana."

Baba akainua kalamu. "Na kama directeur iko mugonjwa?"

"Bamubebe," akajibu mama mwenye kitenge cha magamba.

Baba akaliandika hilo pia. Kisha akaisoma karatasi yote kwa sauti, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, akaniuliza mbele ya watu kama nimeelewa, akawauliza wao kama wameelewa, na ndipo akanipa kalamu. Nikatia sahihi kwenye mstari wa kulia. Herufi ya kwanza ikawa kubwa kuliko jina lote.

Jumatatu nilikuwa Lubumbashi kabla ofisi hazijafunguliwa. Mwalimu wa sheria alisoma karatasi yote amesimama, akafika kwenye "bamubebe," na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake. Wakanipokea. Nilimpigia baba simu, akauliza mtu akimaliza master anaitwaje, ili ajue mapema kama ni jina la kuambia jirani.

Ningependa kuishia hapo, mahali penye sifa. Lakini miezi mitatu inapita haraka, na ilipokwisha sikuwa na kitu cha kuonyesha. Nilikuwa nimeanguka mtihani mmoja, wa hesabu. Programu sasa iliweza kubeba sauti, ndiyo, na watu ishirini waliingia bila kuilaza, lakini kijiji cha ziwani tulichokichagua hakikuwa na réseau, yaani mtandao wa simu, isipokuwa juu ya kichuguu kimoja, na mwanamke tuliyemchagua alikuwa mjamzito wa miezi minane, hawezi kupanda kichuguu. Nilihesabu siku, nikaona Jumatano inakuja. Niliandaa ujumbe mzuri wa kuomba radhi. Nilifikiri hata kumtuma baba, ambaye angefurahi. Kisha nikakumbuka kwamba kifungu cha saba alikiandika yeye, kwa mwandiko wake: asitume mtu. Nikapanda gari la Likasi.

Walikuwa wamemaliza kuosha meza. Wakasali, wakaimba, wakataja wagonjwa, halafu maman présidente akanionyesha kwa kidevu. Nikasimama nikasema yote. Nikasema sauti imefanikiwa. Nikasema kisima bado, vyoo bado, réseau hakuna. Nikasema nilianguka hesabu na nitarudia mtihani. Sikupamba. Wakauliza maswali, na hayakuwa ya kunibembeleza. Mmoja alitaka kujua nani aliyechagua kijiji kisicho na réseau, nikakiri ni mimi. Mwingine akasema ana shangazi kijiji cha pili, ambako simu zinashika mpaka ndani ya nyumba, naye ni mzazi na hana mimba. Mwingine akauliza huyo mwalimu wa hesabu ni mwanamume au mwanamke, na kama anakula samaki.

Katibu wa chama alikuwa ameinamia daftari lake, akijaribu kunifuata, kalamu inakwenda mbio. Alikuwa ameshaandika mtihani, ameshaandika kichuguu. Maman présidente akamgusa bega.

"Ngoya kwanza," akasema. "Acha nafasi pa yulu, mbele ya bile yote."

Katibu akafungua ukurasa mpya, akaweka kalamu kwenye mstari wa kwanza.

"Andika: kampani ilikuya."